Woolman alilipa deni kwanza

Wiki iliyopita, katika mafunzo ya vijana wa kujitolea hapa Kisumu, kijana mmoja alisimama kueleza kilichomleta. Akasema anataka kuwa kama Wilberforce, yule mbunge wa Uingereza, mtu mmoja mwenye moyo mkubwa aliyekomesha utumwa; kazi ya hisani ni moyo tu, mengine yatajipanga. Wenzake wakapiga makofi. Msimu huu nimeyasikia maneno hayo mara nne, na safari hii uvumilivu umenishinda.

La mtu mmoja nalimaliza upesi. Kamati iliyoundwa London Mei 1787 ilikuwa na watu 12, na 9 kati yao walikuwa Marafiki, yaani Wakristo wa dhehebu la Quaker. Wilberforce hakuwemo katika hao 12. Thomas Clarkson, mmoja wao, ndiye aliyezunguka bandarini akihoji mabaharia na kukusanya pingu kama ushahidi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, miaka 20 baadaye. Basi.

Linaloniuma ni hilo la moyo. Nimekulia karibu na Kaimosi, walikofika wamisionari wa Marafiki mwaka 1902, na jina la John Woolman, Rafiki wa Marekani aliyepinga utumwa, nimelisikia tangu utotoni. Alizaliwa New Jersey 1720, akawa mshonaji na mwenye duka. Akiwa kijana, mwajiri wake alimwambia aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi. Dhamiri ilimsuta. Akasema waziwazi kwamba jambo hilo haliendani na dini, na hati akaiandika vilevile. Alipoombwa tena na mtu mwingine baadaye, ndipo akakataa. Wanaomsifu huruka ile hati ya kwanza. Mimi huanzia hapo, kwa sababu kila anayefanya kazi hii ana hati yake ya kwanza.

Aliposafiri kusini na kulala katika nyumba zenye watumwa, aliacha pesa, mara kwa mwenye nyumba awape, mara mikononi mwa watumwa wenyewe. Vijana wangu huiita sadaka. Hapana! Usiku ule yeye ndiye aliyepikiwa na kutandikiwa kitanda na watu wasiolipwa, kwa hiyo lile lilikuwa deni lake. Ndiyo maana aliacha pia sukari, iliyotoka katika mashamba ya watumwa. Alipofika Uingereza 1772 alikwenda kwa miguu, kwa sababu magari ya abiria yaliwatesa farasi na vijana walioyaendesha. Kabla ya kuuliza atampa nini mtu anayeteseka, alijiuliza yeye mwenyewe anakula nini kutokana na mateso hayo.

Wakati wa mafuriko ya 2024 mfadhili mmoja alituletea unga upande wa Ahero, lori zima la kanta. Tulipomaliza kushusha, tanboi, yaani utingo wa lori, alikaa kwenye kivuli cha gurudumu, unga umemganda kwenye nyusi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, nisaidie na mia mbili nile." Alikuwa hajalipwa miezi miwili. Mwajiri wake, yule mfadhili, ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya bango akipigwa picha na wazee.

Unga niliupokea. Watoto walikuwa wamelala kwenye simiti ya darasa tangu jana yake. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya sawa, na jibu sijapata. Hata Woolman aliingia katika nyumba zile na kulala humo.

Hata shujaa wetu wa Nyanza, Archdeacon Owen, mmisionari wa Kianglikana wakati wa ukoloni, simsifu tena kwa urahisi. Alipinga kazi ya kulazimishwa, na walowezi wakamchukia kwa hilo. Lakini chama alichokisimamia kuanzia 1923, Kavirondo Taxpayers Welfare Association, kilitokana na kile cha kina Jonathan Okwiri, waliokutana Lundha Desemba 1921 wakidai kodi ipunguzwe na kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni, kiondolewe. Chini ya Owen, wanachama wakahimizwa zaidi kuhusu usafi, chakula bora na nyumba bora. Ni mambo mema, ila kipande kilibaki shingoni. Kwa miaka nimefundisha kwamba aliwasaidia. Siku hizi nasita, kwa sababu nimeona jinsi msaada unavyoweza kumnyamazisha anayedai haki yake, hata mikononi mwa mtu mwema.

Yule kijana alinifuata wakati wa chai, uso umemwanguka, akauliza aanzie wapi basi. Nikamuuliza ni nani anayemfulia nguo. Akanyamaza, kisha akasema ni mama mmoja wa Nyalenda.

"Anakudai?"

"Mia saba, madam. Tangu mwisho wa mwezi."

Akatoka nje na simu. Aliporudi tulikuwa tumeshaanza somo la orodha za wanufaika, na nikamsogezea kiti.