Si kifafa, na wala hajifanyi

“EEG safi, mgonjwa anajifanya.” Nimeikuta tena kwenye barua ya rufaa ya mgonjwa anayeanguka na kutikisika; EEG ni kipimo cha umeme wa ubongo. Maneno manne, makosa mawili, na nimechoka kuyajibu pembeni ya karatasi. Huenda ana mishtuko ya kiutendaji: matukio yanayofanana na kifafa lakini si kifafa, yanayomjia bila ridhaa yake.

La kwanza halichukui muda. EEG ya kawaida hupigwa dakika 20 au 30 mgonjwa akiwa ametulia, na kwa karibu nusu ya wenye kifafa, ya kwanza haionyeshi kitu. Kwa hiyo usafi wake hauondoi kifafa, sembuse kuthibitisha jambo jingine. Kinyume chake ni kibaya vilevile. Ubongo unaosinzia hutoa mawimbi yenye ncha yasiyo na ubaya wowote. Msomaji mwenye pupa huyaita kifafa, mgonjwa huanzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa, na kuifuta lebo hiyo huchukua miaka. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2002 ulikuta wastani wa zaidi ya miaka 7 kati ya tukio la kwanza la mishtuko ya kiutendaji na utambuzi sahihi.

Tazama tukio lenyewe. Kifafa cha mwili mzima kina mpangilio: mwili unakakamaa, unatetemeka kwa kasi, kisha mitikisiko inazidi ukubwa huku ikipungua kasi, inakoma, kwa kawaida kabla ya dakika 2, na kinachofuata ni pumzi nzito ya kukoroma. Macho huwa wazi. Mshtuko wa kiutendaji haushuki hivyo. Unapanda, unapoa, unasimama kabisa, unaanza tena, na kasi ya mtikisiko inabaki ile ile. Mikono na miguu haiendi pamoja, kichwa kinakwenda kulia na kushoto, macho yamefumba na kope zinakaza ukijaribu kuzifunua. Wapo wanaolia machozi katikati yake. Wengine hawatikisiki: wanalala tuli dakika nyingi, hawaitiki, na EEG wakati huohuo inaonyesha mdundo wa alfa wa mtu aliye macho. Kuzirai kwa kweli hakuendi hivyo. Aliyezirai akishalazwa chali hurudiwa na fahamu upesi.

Hakuna dalili inayotosha peke yake. Kujikojolea hakutenganishi, kuumia hakutenganishi. Ulimi ulioumwa ubavuni unaelekeza kwenye kifafa. Ulioumwa nchani hausemi mengi. Prolaktini, homoni inayopimwa kwenye damu, ikichukuliwa dakika 10 hadi 20 baada ya tukio, hupanda baada ya kifafa cha mwili mzima, lakini hupanda pia baada ya kuzirai, na isipopanda hujaondoa kitu. Halafu kuna kurusha nyonga, ambako bado kunafundishwa kama alama ya “mambo ya kisaikolojia”. Hutokea pia katika kifafa cha sehemu ya mbele ya ubongo, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi: matukio mafupi, ya ajabuajabu, mengi ya usiku, na EEG ya juu ya kichwa inayoweza kukaa kimya hata tukio likiendelea. Anayesema hajawahi kusita hapo, simwamini. Tukio likiwa fupi, likifanana kila mara na likianzia usingizini, usifunge faili.

Uhakika mkubwa kuliko wote hutoka kwenye video-EEG, yaani EEG na video zikirekodiwa kwa pamoja, iliyonasa tukio la aina ile ile ambayo ndugu wanaitambua, waulize, “Ndiyo hii?” Penye uhaba wa mashine, video ya simu ikitazamwa na mtu mzoefu inausaidia utambuzi sana. Anayerekodi aanze na macho, kisha mwili mzima, amwite mgonjwa kwa jina, na asizime mpaka azinduke.

Sasa kosa la pili, ndilo lililonileta hapa. Kujifanya.

EEG haipimi nia. Anayeigiza kwa makusudi na mwenye mshtuko wa kiutendaji wangetoa EEG ile ile, jambo ambalo vitabu hupita juu yake kimyakimya. Ninachotegemea ni picha nzima. Matukio yanamfika mtu akiwa peke yake, yanamkosesha kazi na leseni ya udereva, na yanafanana na ya watu wasiomjua, wa nchi nyingine na lugha nyingine. Waigizaji wangeigiza kifafa cha kwenye filamu. Wasingekubaliana wote kufumba macho na kutikisa kichwa. Waongo wapo, ila ni nadra.

Na tafadhali, tuache ule mchezo wa kuudondosha mkono juu ya uso wa mgonjwa. Mkono ukikwepa, daktari kijana anawageukia wenzake kama aliyekamata mwizi. Alichoonyesha ni kwamba njia za mwili kujikinga zinafanya kazi, jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Amonia puani na kalamu kwenye kucha ni adhabu, si vipimo.

Majina yetu hayajasaidia. Charcot, daktari wa neva wa karne ya 19 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, alisema histero-epilepsi, yaani histeria na kifafa kwa jina moja. Baadaye kikaja “kifafa bandia”, ambacho ni tusi lenye cheti. “Mishtuko isiyo ya kifafa” inasema isivyo tu, na kuzirai nako si kifafa. Mimi nasema mishtuko ya kiutendaji. Wengine husema ya disosiesheni, yaani ya fahamu kujitenga, nami sigombani nao. “Ya kisaikolojia” naikwepa. Wengi wamepitia madhila, wengine hawana kisa chochote, na kuwachimba mpaka kipatikane ni ukatili. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, iliondoa sharti la kutafuta chanzo cha msongo. Jinsi ubongo unavyowasha tukio bila ridhaa ya mwenyewe bado ni nadharia, ingawa moyo kwenda mbio, jasho na ganzi mara nyingi hutangulia, hata kwa asiyekumbuka kuogopa.

Kukosea kunaumiza. Katika jaribio la ESETT, lililochapishwa 2019, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 walioingizwa kwa kifafa kisichokatika hakuwa na kifafa. Hao ndio wanaojazwa lorazepamu, dawa ya kukatiza kifafa, mpaka wanasahau kupumua na kuwekewa mpira wa kupumulia kooni.

Ukishathibitisha, taja ugonjwa kwa jina, mwonyeshe video, mweleze dalili ulizoziona na kwamba unamwamini. “Vipimo vyote vizuri, huna kitu” inampeleka kwa daktari mwingine. Matibabu ni ya mazungumzo, na sitayapamba: jaribio la CODES la Uingereza, 2020, lenye watu 368, halikuonyesha kwamba tiba ya utambuzi na tabia (CBT, mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea) inapunguza idadi ya matukio kwa mwezi ikilinganishwa na huduma ya kawaida iliyopangwa vizuri, ingawa maisha ya kila siku yaliboreka.

Dawa za kifafa zipunguzwe polepole, kwanza ukiwa na hakika hakuna kifafa kando yake, maana wapo wenye vyote viwili. Kwa hao, andika kila aina ya tukio na sura yake, kisha uwaonyeshe ndugu kwa video ni lipi la kutolewa midazolamu, dawa nyingine ya kukatiza kifafa, na lipi la kulazwa ubavu, kukingwa kichwa na kusubiriwa.