Tahariri ya Kumuunga Mkono Mgombea Si Kauli ya Waandishi Wote

Septemba 2016, gazeti la The Arizona Republic la Marekani, ambalo tangu kuanzishwa kwake mwaka 1890 halikuwahi kumuunga mkono mgombea urais wa chama cha Democratic dhidi ya yule wa Republican, lilimpendekeza Hillary Clinton. Baadhi ya wasomaji wakasitisha usajili wao wa kupokea gazeti hilo, wengine wakatuma vitisho vya kuua. Dhana iliyoenea ni kwamba tahariri kama hiyo huonyesha upande wa waandishi wote. Sivyo. Huandikwa na jopo la tahariri, ambalo kazi yake ni kutoa maoni, ilhali waandishi wanaoripoti kampeni hawashiriki katika uamuzi huo. Inauma kwamba waliotishwa na kutemewa mate ni vijana waliokuwa wakiuza usajili nyumba kwa nyumba.