Fatuma na Fatumah: kwa nini potali haikutambui

Wiki za kwanza za mwaka wa masomo simu yangu huanza kulia kabla sijamaliza chai. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wapya hapa Uganda kujisajili chuoni na kuomba mkopo wa masomo, na kilio ni kile kile: "Mwalimu, potali imenikataa."

Potali, yaani tovuti ya kujisajili na kuomba, haimkatai mtu. Inalinganisha herufi, basi. Msimu uliopita alikuja binti mmoja kutoka Bombo na shangazi yake, tukakaa kwenye kibanda cha fotokopi pale Wandegeya, Kampala, moshi wa rolex, zile chapati za mayai, ukituingia machoni. Matokeo yake ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, yaliandikwa Fatumah. Kitambulisho cha taifa kilisema Fatuma. Barua ya chuo ilifuata UNEB, lakini yeye kwenye fomu ya mkopo alifuata kitambulisho. Shangazi alishangaa: "Si ni huyu huyu, mwalimu? Nilikuwepo siku anazaliwa!" Nikamwambia ni kweli, ila kompyuta haikuwepo siku hiyo.

Kwetu Uganda jambo hili ni la kila siku, hasa kwa majina ya Kiislamu: Abdallah shuleni, Abudala kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), Abdul kwenye laini ya simu. Kabla hujagusa kompyuta, tandaza karatasi zako zote mezani usome majina herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wake. Tofauti ikiwa ndogo, mara nyingi hati ya kiapo inatosha. Ikiwa jina zima ni jingine, hiyo ni safari ya kubadili jina kisheria na kurekebisha kumbukumbu NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, na haiishi kwa siku moja. Ianze mapema, si wiki ya mwisho ya maombi.

Halafu kuna NIN, namba ya kitambulisho cha taifa. Ina herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa raia wa kiume na CF kwa raia wa kike. Humo katikati sifuri na herufi O hufanana kama mapacha. Mimi mwenyewe niliwahi kumjazia kijana O mahali pa sifuri, tukahangaika mchana mzima tukilaumu mtandao. Siku hizi namwomba mwenye kitambulisho anisomee kwa sauti, mimi naandika.

Jambo jingine linaloniumiza roho: usifungue akaunti kwa namba ya simu au barua pepe ya mwenye kibanda. Wengi hufanya hivyo kwa sababu hawana barua pepe, na kijana wa kibanda ana haraka. Mwezi ukipita paswadi inasahaulika, ujumbe wa kuirejesha unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha hamia Mbarara. Barua pepe ni bure. Fungua ya kwako.

Sasa malipo. Katika vyuo vya umma, Makerere kikiwemo, unaingia kwenye potali, unatoa PRN, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), kisha unalipa benki au kwa simu. PRN ina tarehe ya kuisha, kwa hiyo usiitoe leo wakati hela itapatikana baada ya mavuno. Na kulipa si kujisajili! Kila muhula namkuta mtu ameshika risiti kifua mbele, kumbe hajarudi kwenye potali kukamilisha usajili wa masomo. Anakuja kushtuka mitihani ikikaribia.

Kuhusu msaada wa fedha, watu huchanganya vitu viwili. Ufadhili wa serikali katika vyuo vya umma huchukua wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka, kwa alama za juu, kwa mgawo wa wilaya, na kwa nafasi za wenye ulemavu na wanamichezo. Huo haurudishwi. Mkopo ni kitu kingine: unatolewa na Bodi ya Kufadhili Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Lazima uwe umepata nafasi katika chuo na kozi zilizomo kwenye orodha ya bodi, na kozi za sayansi ndizo hupewa kipaumbele. Wasiojiweza ndio walengwa, kwa hiyo maswali kuhusu wazazi, nyumba na kipato ni mengi. Yajibu kama yalivyo. Nimeona watu wakiona haya kuandika kwamba mama anauza mihogo, wakaandika "mfanyabiashara", kisha wakalalamika wamenyimwa.

Wadhamini nao waelezwe wanachosaini. Deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na mjomba asije akalisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Binti wa Bombo tulimwandikia upya kwa jina la UNEB, hati ya kiapo ikaambatanishwa. Shangazi akalipia fotokopi, akazikunja karatasi ndani ya mkoba, kisha akaniuliza kama bodi italipia pia godoro na chakula cha hosteli. Nikamjibu hapana: inalipa ada ya masomo, michango ya chuo na utafiti, na vifaa vya wenye ulemavu, na hela inakwenda moja kwa moja chuoni. Akanyamaza kidogo, akatoa simu, akampigia kaka yake aliyeko Arua.