Cheo Kimekoma, Ukoo Haujakoma: Makosa ya Kusoma Nasaba za Malodi wa Ayalandi

Mwaka 1997 alifariki James Hubert Theobald Charles Butler, Markwisi wa saba wa Ormonde, mzee wa miaka 98. (Markwisi, erli, vaikaunti na baroni ni ngazi za malodi, toka juu kwenda chini.) Aliacha mabinti, hakuacha mtoto wa kiume. Vitabu vya nasaba vikaandika mbele ya cheo chake neno moja tu: kimekoma. Tangu hapo wako wanaosema ukoo wa Butler wa Ormonde umekwisha duniani.

Haujakwisha. Katika dhana zote potofu kuhusu malodi wa Ayalandi, hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana humfanya mtu afunge daftari pale pale ambapo ukoo unaanza kutawanyika. Kilichokoma ni haki iliyoandikwa kwenye hati ya mfalme. Kwa kawaida hati hizo zilimtaja mtu mmoja, aliyepewa cheo, pamoja na wazao wake wa kiume kwa njia ya kiume. Umarkwisi wa Ormonde uliokoma mwaka 1997 ulitolewa mwaka 1825, kwa hiyo mrithi alitafutwa miongoni mwa wazao wa kiume wa yule wa 1825 peke yao. Walipokwisha hao, cheo kikafa, hata kama wajukuu wa upande wa mabinti wapo na wana afya njema.

Lakini marehemu huyo alikuwa na cheo kingine, kikongwe zaidi: uerli wa Ormond, uliotolewa mwaka 1328. Shina lake liko nyuma karibu miaka 500, kwa hiyo matawi yake ni mengi. Tawi mojawapo ni la Vaikaunti wa Mountgarret, wanaotokana na Richard Butler, mtoto wa Erli Piers, aliyepewa uvaikaunti mwaka 1550. Hao ndio wanaodhaniwa kuwa warithi, ila dai hilo halijathibitishwa rasmi. Ndiyo maana uerli huo hausemwi umekoma, unasemwa umelala. Mtu mmoja alikufa siku moja, vyeo vyake viwili vikapata hukumu mbili tofauti. Anayechanganya kukoma na kulala atakosea kila ukurasa anaoufungua.

Ngome ya akina Butler iliyoko Kilkenny, waliyoishika tangu 1391, ilikabidhiwa kwa watu wa mji huo mwaka 1967 kwa pauni 50. Mali, cheo na damu ni mambo matatu, na kila moja lina njia yake.

Kosa linalofuatana na hilo ni kudhani kwamba cheo hakiwezi kabisa kupita kwa binti. Mara nyingi ni kweli, lakini neno la mwisho ni la hati yenyewe. Soma habari za akina de Burgh wa Clanricarde, katika jimbo la Galway. Mwaka 1800 Erli wa 13 alipata hati mpya ya uerli yenye kifungu maalumu: kizazi cha kiume kikikosekana, cheo kipite kwa wazao wa kiume wa binti zake. Binti mmoja, Hester, aliolewa na Markwisi wa Sligo mwaka 1816. Karne moja baadaye, mwaka 1916, Markwisi wa pili wa Clanricarde alikufa bila kuoa. Wapangaji wa Galway walimchukia sana kwa kuwafukuza kwenye mashamba yao, hali yeye mwenyewe akiishi Uingereza. Umarkwisi wake ukakoma na uerli wa zamani ukakoma, ila ule wa 1800 ukamfuata Hester na kutua kwa wazao wake wa Sligo, walio nao hadi leo. Mwanamke aliyekwisha kufa zamani ndiye aliyekiokoa.

Je, mwenye cheo cha Kiayalandi ni lazima awe Mwayalandi? La. Jina la mahali lililomo kwenye cheo halikwambii mtu anaishi wapi. Erli wa mwisho wa Desmond wa ukoo wa FitzGerald aliyewaasi Waingereza aliuawa Kerry mwaka 1583 na mali yake ikataifishwa. Leo cheo cha Erli wa Desmond kimo mikononi mwa akina Feilding, Maerli wa Denbigh, ukoo wa Uingereza. Vaikaunti Palmerston, waziri mkuu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1865 na cheo chake kikakoma naye, alikaa katika bunge la makabwela zaidi ya miaka 50. Aliweza kwa sababu cheo chake kilikuwa cha Ayalandi, na peke yake hakikumpa kiti katika Bunge la Malodi la London. Kwetu Afrika Mashariki upo mfano wa Galbraith Cole, mtoto wa Erli wa nne wa Enniskillen, aliyefuga kondoo karibu na Ziwa Elmenteita nchini Kenya. Mwaka 1963 mwanawe David alirithi uerli huo kutoka kwa baba yake mkubwa.

Tena, kukoma kwa cheo hakukuwa msiba wa familia peke yake. Sheria ya Muungano wa Ayalandi na Uingereza, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1801, iliruhusu mfalme kutoa cheo kimoja kipya cha Ayalandi kila vitatu vinapokoma, hadi idadi ipungue ifikie 100. Kwa hiyo serikali ilikuwa na sababu ya kuhesabu vyeo vilivyokoma. Cha mwisho kutolewa kilikuwa ubaroni wa Curzon, mwanasiasa wa Uingereza, mwaka 1898, alipokuwa anakwenda kuitawala India. Alizaa mabinti watatu. Alipofariki mwaka 1925 ubaroni huo nao ukafa.

Machifu wa Kigaeli, yaani wa Waayalandi wa asili, wasichanganywe na malodi hawa. Kwao mtawala alichaguliwa miongoni mwa wanaume wa damu moja, kwa kawaida mwana, mjukuu au kitukuu wa aliyepata kutawala. Kuzaliwa wa kwanza hakukutosha. Conn O'Neill alipokubali kuwa Erli wa Tyrone mwaka 1542, aliingia katika utaratibu mgeni wa kurithi, na ugomvi wa warithi wake ulimwaga damu nyingi. Mjukuu wake Hugh aliikimbia nchi kwa meli kutoka Rathmullan mwaka 1607, akafia Roma mwaka 1616. Cheo chake kilifutwa kwa kosa la uhaini, na kufutwa si kukoma: wazao wanaweza kuwapo na cheo kisiwepo.

Katiba ya Ayalandi ya 1937 nayo husingiziwa kwamba ilivifuta vyeo vyote. Inachokataza ni dola kutoa vyeo vya kilodi, na raia kupokea cheo bila idhini ya serikali.

Imebaki ile dhana inayowakatisha watu tamaa kabisa, kwamba kumbukumbu zote ziliungua. Ni kweli ofisi ya nyaraka iliyokuwa kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts, Dublin, iliteketea tarehe 30 Juni 1922, na hasara ile haisemeki. Lakini sensa za 1901 na 1911 zipo kamili. Muhtasari wa wosia nyingi za kabla ya 1800, alioutengeneza mtaalamu wa nasaba William Betham kwa mkono wake, upo. Na Masjala ya Hati iliyoanzishwa mwaka 1708, katika Mtaa wa Henrietta hapo hapo Dublin, haikuguswa na moto. Humo mna mikataba ya ndoa ya familia hizi: mahari, mashamba, na majina ya mabinti ambao vitabu vya malodi viliwaandika kwa ufupi mno. Fahirisi zake zinafuata jina la aliyetoa mali na jina la ardhi, kwa hiyo ukimtafuta binti kwa jina lake waweza kumkosa. Anza na baba yake, kisha isome hati nzima. Yumo ndani.