Bonde la Moquegua: walivyoteremka watu wa milimani

Kando ya Ziwa Titicaca, katika milima ya Andes ya Amerika Kusini, mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku huua mahindi shambani. Viazi hustawi na lama, mnyama wa jamii ya ngamia, hunona, lakini mahindi yanataka joto. Na mahindi hayakuwa chakula tu. Ndiyo yaliyotoa chicha, pombe ambayo bila hiyo, katika Andes ya kale, hapakuwa na karamu wala kazi ya pamoja.

Kwa hiyo watu wa Tiwanaku, mji mkubwa uliokuwa karibu na ziwa hilo katika nchi ambayo leo ni Bolivia, waliteremka. Kuanzia karne ya 7 BK hivi walihamia bonde la Moquegua, kusini mwa Peru, ambalo mto wake hushuka kutoka milimani hadi Bahari ya Pasifiki karibu na Ilo. Huko Omo na Chen Chen tumekuta nyumba zao, majembe ya mawe na makaburi mengi.

Tunajuaje kwamba walihama watu, si vyungu tu? Chungu hununuliwa, hupewa zawadi, huigwa. Jino haliigwi. Gamba gumu la jino hujengeka utotoni kutokana na maji na chakula anachopewa mtoto, nalo hubeba madini ya strontiamu yenye alama ya miamba ya mahali hapo. Likishakamilika, halibadiliki hadi kaburini. Baadhi ya waliozikwa Chen Chen meno yao yana alama ya Titicaca: walikulia kule juu, wakaja kufia bondeni.

Mwaka 1567, mkaguzi wa serikali ya Hispania alipowahoji Walupaqa, watu wa kando ya Titicaca, walimweleza kwamba walikuwa na watu wao katika mabonde ya chini, Moquegua ikiwemo. Kutokana na maandishi kama hayo, mwaka 1972 mwanaanthropolojia John Murra alizifananisha jamii za Andes na funguvisiwa lililosimama wima: jamii moja, mashamba yake yametawanyika katika kila kimo cha mlima. Ni wazo zuri, ila tusilitumie kama ufunguo wa kila mlango. Moquegua ilikuwa na wageni wengine pia.

Hao ni Wawari, watu wa dola nyingine ya enzi ile ile ya Tiwanaku, waliotoka upande wa Ayacucho, mamia ya kilomita kaskazini. Walipanda juu ya Cerro Baúl, mlima wenye kilele bapa na kingo za majabali, wakajenga mji mahali pasipo na tone la maji. Kila mtungi wa maji ulipandishwa mgongoni. Hata hivyo, huko huko wakajenga kiwanda cha pombe chenye mitungi 12, kila mmoja wa lita 150 hivi. Mbali na mahindi walitumia matunda ya molle, mti ule ule wenye vijitunda vya waridi uliopandwa pia Kenya na Tanzania kama mti wa kivuli, ambao wengi huuita mpilipili. Kwenye sakafu ya kiwanda zimeokotwa pini za kufungia shali, vazi la wanawake. Wapishi wa pombe walikuwa wanawake, na kwa kuwa pini ni za kifahari, hawakuwa watumwa. Kwangu mimi, pini hizo zinasema zaidi ya kuta za jumba la mtawala. Jirani na hapo kuna mabaki ya karamu, na ndani yake mifupa ya samaki wa baharini. Pwani nayo ililetwa kileleni.

Kwa karne kadhaa Wawari na watu wa Tiwanaku waliishi katika bonde moja. Kisha, karibu na mwaka 1000, Wawari waliondoka. Walipika pombe mara ya mwisho, wakainywa, wakakitia moto kiwanda na kuvitupa vikombe vyao vya heshima, kero, ndani ya ndimi za moto. Majivu yalipopoa, mtu aliweka mikufu juu yake.

Wenyeji wa Moquegua hupanda Cerro Baúl hadi leo. Hutoa sadaka, na hupanga mawe yawe vijumba vidogo, kila kimoja ombi la nyumba ya kweli.