Je, wajua kwa nini mpira wa gari huvunjika kwenye baridi kali?

Yakutsk, mji wa kaskazini-mashariki mwa Urusi, Januari yake ya kawaida ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Gari likilala nje bila kufunikwa, asubuhi tairi huwa zimekuwa bapa pale zilipogusa ardhi, na likiondoka hudunda mpaka zipate joto.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana kama tambi. Kukiwa na joto inachezacheza: ukiivuta hunyooka, ukiiachia hurudi. Baridi huupunguza mchezo huo, na kila mpira una kiwango chake cha baridi cha kuukomesha kabisa, ambapo hauvutiki tena bali huvunjika. Mpira wa asili hufika huko karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Mpira wa silikoni huvumilia hata kupita nyuzi 100 chini ya sifuri.

Ila hasara huanza mapema mno. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kiliruka Florida kukiwa na nyuzi 2 tu juu ya sifuri. Sili za mpira za roketi, yaani pete za kuziba maungio, zilichelewa kurudi kwenye umbo lake, gesi ya moto ikapenya, wanaanga wote 7 wakafa. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira huo, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu mbele ya kamera, akakiachia. Kilibaki kimebonyea kwa muda.

Kwenye milango ya gari, adui mkubwa ni maji. Yakiganda kati ya mpira na bodi, anayeuvuta mlango kwa nguvu anauchana mpira. Kwa hiyo kabla ya msimu wa baridi, futa mpira mpaka ukauke, kisha upake grisi ya silikoni. Vaselini na grisi ya kawaida usiguse, hata fundi akisema nini: mpira wa milango mingi hunyonya mafuta yake, yatokanayo na mafuta ghafi, ukavimba na kulegea. Maji ya moto ya kuyeyushia barafu nayo usimwage: huganda upya, na yanaweza kupasua kioo.

Waipa zinyanyue usiku. Upepo wa tairi upime mara kwa mara, maana tairi ya pauni 32 hupoteza pauni moja na nusu hadi 2 kila joto la hewa likishuka nyuzi 10. Na ukiondoka asubuhi, kilomita za mwanzo pita mashimo taratibu: bushi, yaani mipira ya viungo vya chini ya gari, bado zimekakamaa, na hazipati joto la injini kama unavyodhani.