Hesabuni sekunde sita kabla hamjamwaga tuta

Assalaam alaykum jamaa. Mie kazi yangu ni usalama barabarani, na malalamiko tunayoletewa sana siku hizi si ya barabara kuu, ni ya mitaani. Mtaa umetiwa lami, yale mashimo yaliyokuwa yakiwazuia watu yameondoka, basi gari na vespa zinapita utasema zinawahi boti. Dawa ya wengi ni moja tu, usiku wanalaza gogo la mnazi njiani au wanamwaga kifusi na saruji, asubuhi tuta lipo.

Nawaelewa kweli, mama ambae mwanawe anarudi chuo jioni na juzuu kifuani hawezi kukaa kusubiri barua ijibiwe. Lakini tuta la namna ile ni jembamba na lina ncha, gari inayokwenda taratibu ndo inaumia, vespa inatafuta upenyo pembeni ya mtaro pale pale watoto wanapopita, masika ikifika maji yanasimama mpaka ukumbini kwa watu, na usiku halionekani, mwenye baskeli anaanguka nalo. Lile tuta la mgongo wa mviringo walilolifanyia utafiti Waingereza miaka ya 1970 lina upana wa mita 3.7 ukilipima kwa kufuata njia, na kimo cha sentimita 10 hivi, anayepita pole halimsumbui, anaekimbia linamrusha. Na moja halitoshi, maana dereva akishalivuka anakanyaga mafuta tena, yanataka yafuatane kila baada ya mita 60 mpaka 100.

Kwani spidi 30 na 50, yaani kilomita kwa saa, zina tofauti gani mtaani? Chukua mtoto katoka mbio kufata mpira. Gari ya spidi 30 kwenye lami kavu inahitaji mita 13 hivi mpaka isimame kabisa, hapo ni pamoja na ile sekunde moja dereva anayotumia kushtuka. Ya spidi 50 katika mita hizo 13 bado haijaanza hata kushika breki, inataka kama mita 28. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza spidi isizidi 30 pale watu wa miguu wanapochanganyika na gari.

Sasa kabla ya kifusi, pimeni. Chukueni futi ya fundi, pimeni mita 50, tieni alama ya chokaa mwanzo na mwisho, mmoja asimame huku anyooshe mkono gari ikigusa alama, mwengine huku na simu ahesabu. Sekunde 6 ni spidi 30 kamili, chini ya hapo anakimbia, sekunde 4 ni 45. Pimeni asubuhi ya skuli, jioni ya chuo, na baada ya isha. Tulifanya hivi na wakaazi wa mtaa mmoja Chake Chake, wote walikuwa na hakika wakimbiaji ni wapita njia, kumbe wengi walikuwa vijana wa mtaa ule ule. Mmoja alionyeshwa simu, sekunde tatu na nusu, na bibi yake yuko barazani anatazama. Hakubisha, akazima vespa akaisukuma mpaka kwao.

Halafu mkae na sheha. Tafadhali msiishie kwenye kikao cha wanaume baada ya sala, kinamama ndo wanaovuka na watoto na wanajua kona gani ina hatari. Nendeni kwa mwenye nyumba ambae tuta litakaa mbele ya dirisha lake, maana kelele na mtikisiko ni vyake, na kwenye kituo cha boda pia. Akikataa mmoja msimpuuze, mara nyingi tuta likisogezwa mita chache tu anakubali.

Na si lazima liwe tuta. Tazameni vichochoro vya Mji Mkongwe, hakuna anaekimbia mle wala hakuna kibao, njia nyembamba na kona huoni mbele, mtu anapunguza mwenyewe. Kule Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaazi walizibadili njia zao hivyo hivyo, gari zikalazimika kupinda pinda, na 1976 serikali yao ikaliingiza jambo hilo kwenye sheria. Nyie ombeni ruhusa ya kujaribu wiki mbili tatu, mapipa au matairi yaliyopakwa chokaa, moja kushoto moja kulia, gari ya wagonjwa iweze kupita, halafu mpime tena sekunde zile zile.

Barua ya kwenda Baraza la Mji au Manispaa ipite kwa sheha, na mtie ile karatasi ya sekunde, siku na saa mlizopima, saini za wakaazi, na mchoro unaoonyesha maji ya mvua yanapita wapi, kwa sababu hilo la maji fundi atakuulizeni kabla ya jengine lolote.